Msimamizi Aliyekataa Kutia Sahihi

"Huyu mama akisomewa hii karatasi, atacheka wapi?"

Msimamizi wangu aliniuliza swali hilo akiwa ameweka ncha ya penseli juu ya ukurasa wa kwanza wa makala yangu. Maswali mengine yote nilikuwa nimeyajiandalia. Ningeweza kueleza kwa nini niliandika juu ya mgonjwa mmoja badala ya thelathini, kwa nini dawa ilibadilishwa wiki ya tatu, kwa nini muuguzi na si daktari ndiye aliyeongoza matibabu. Kicheko hakikuwa kwenye orodha yangu. Nilimjibu kwamba makala ya kitaaluma si kichekesho. Akazikusanya kurasa, akazigonga mezani mpaka zikalingana, akazisukuma upande wangu.

"Basi sisaini," alisema. "Nenda umsomee yote, mpaka mwisho. Ukijua amecheka wapi, urudi."

Nilikuwa nasomea shahada ya pili ya uuguzi wa magonjwa ya akili, ile inayomfundisha muuguzi kumpima mgonjwa mwenyewe, kupanga matibabu na kumfuatilia hadi nyumbani. Chuo hakikuruhusu mtu ahitimu kabla jarida halijakubali makala yake. Na makala haikuweza kwenda kwa jarida lolote kabla msimamizi hajatia sahihi fomu ya idhini, fomu ambayo ilitoka mkononi mwake ikaenda ofisi ya idara bila mwanafunzi kuigusa. Chuo kimoja cha wauguzi kilikuwa kimeniahidi kazi ya ukufunzi, sharti jina langu liwe kwenye orodha ya mahafali ya mwaka ule. Nilibakiwa na miezi saba. Mama yangu alikuwa ameshatenga kondoo wa kuchinja siku ya mahafali.

Watu wengi waliopita mikononi mwake humkumbuka kwa upendo. Katika mikutano ya wauguzi utawasikia wakiiga sauti yake na kucheka, macho yakiwalengalenga. Mimi simkumbuki hivyo, na nimechoka kuambiwa kwamba siku moja nitamwelewa.

Alikuwa mama mfupi, mkavu, mwenye miwani ya kamba. Sketi zake zilifika chini ya magoti na soli za viatu vyake zilikuwa za mpira, hivyo hukumsikia akija. Alifundisha chuoni siku tatu kwa wiki, na siku mbili alikuwa kwenye wodi ya wagonjwa wa akili ya hospitali moja huku Kericho, ambako sisi wanafunzi wake tulifanyia mazoezi. Wodini walimwita Sista. Sisi tulimwita Madam, na kati yetu tulimwita mengine.

Alibeba chupa yake ya chai. Katika nchi hii ya majani na ng'ombe, ambako hata mkutano wa mazishi hauanzi kabla maziwa hayajachemka, yeye alikunywa chai ya rangi bila sukari, na hakumkaribisha mtu. Mwenzetu mmoja aliwahi kumwambia kwa uchangamfu, "Madam, si utuonjeshe?" Akajibu, "Wewe umeonja kitabu gani wiki hii?" Tulicheka kwa sababu hatukuwa wa kulengwa siku ile.

Alisoma makala zetu kuanzia nyuma. Kwanza orodha ya marejeo. Alichagua moja, sijui kwa kipaji gani, na daima ilikuwa ile ambayo hukuisoma. "Huyu anasema nini?" Ukianza kubabaika, anafunga faili. Mwanafunzi aliyeandika kwamba kuna pengo katika utafiti wa eneo fulani aliambiwa, "Pengo liko kwenye kusoma kwako." Ile sehemu ya mwisho ambapo mtafiti hutaja udhaifu wa kazi yake aliikata yote. "Hapa mnaungama dhambi ambazo hamkufanya," alisema, "ili mfiche mlizofanya."

Nakiri kwamba huo ni mstari mzuri. Alikuwa na mingi kama hiyo, na hilo ni sehemu ya malalamiko yangu. Mtu mwenye mistari mizuri husamehewa mno. Nilimwona akimsomea mwanafunzi mtu mzima, baba wa watoto wanne aliyetoka Siongiroi kwa pikipiki asubuhi ile, aya yake mwenyewe kwa sauti ya mtangazaji wa mnada wa ng'ombe mpaka darasa likakosa pumzi kwa kicheko. Yule baba alicheka pia. Muhula uliofuata hakurudi. Hakuna anayeisimulia hiyo kwenye mikutano.

Na huyohuyo alibisha hodi kwenye mlango wa wodi. Mlango ule ulifungwa kutoka nje, hakuna mgonjwa ambaye angeweza kumfungulia wala kumzuia, lakini alibisha na kusubiri mpaka mtu wa ndani aseme karibu. Siku nyingine tulisimama naye dakika nzima barazani, kalamu mkononi, tukisubiri ruhusa ya watu ambao nusu yao walikuwa wamelala kwa dawa.

Alipochukua historia ya mgonjwa alimkata kucha. Huo ndio ulikuwa utaratibu wake. Anaketi kando ya kitanda, anatoa kikata kucha mfukoni, anashika mkono, anaanza na kidole gumba, na anauliza maswali bila kuinua kichwa. Kufika kidole cha kumi alikuwa na mambo ambayo sisi na fomu zetu za kurasa sita hatukuyapata kwa juma zima. Nilimuuliza kama kuna utafiti unaothibitisha njia hiyo. Alisema, "Fanya wewe." Mikono ya wagonjwa aliishika namna hiyo kila wiki. Kwa miaka mitatu aliyonisimamia hakuwahi kunipa mkono.

Kuhusu kuchapisha alikuwa na sheria nyingi kuliko makala. Nilihesabu. Katika maisha yake yote ya kazi alikuwa na makala mbili, wakati mhadhiri wa chumba kilichopakana na chake alitoa mpya kila nilipogeuka, nyingine katika majarida yanayokuandikia barua pepe yakikuita profesa kabla hujamaliza shahada. Sheria yake kuu ilikuwa hii ya kumsomea mgonjwa. Ukiandika juu ya mtu, ni lazima umketishe mtu huyo nyumbani kwake, pamoja na yeyote anayetaka awepo, umsomee kila kitu kwa lugha anayoielewa. Fomu ya ridhaa haikumtosha. "Hiyo alisaini akiwa amevaa gauni la hospitali," alisema.

Nilimwambia hakuna jarida duniani linalodai jambo hilo. Akasema anajua. Nilimuuliza kama yeye aliwasomea wagonjwa wa makala zake mbili.

"Niliwasomea watatu," alisema.

"Lakini makala ni mbili."

"Wa tatu alikataa. Iko kwenye kabati."

Inawezekana. Inawezekana pia kwamba makala ya tatu ilikataliwa na jarida kama zinavyokataliwa za watu wote, akaipa kifo cha heshima. Kabati lilikuwa na kufuli na sikuwahi kuona ndani. Natoa maneno yake kama alivyoyatoa.

Makala yangu ilimhusu mama mmoja wa vijijini karibu na Litein, mke wa mkulima mdogo wa chai. Wiki chache baada ya kujifungua mtoto wa pili aliacha kulala. Akaanza kwenda kila siku kwenye kituo cha kununulia majani, pale wakulima wanapopima walichochuma kabla lori la kiwanda halijafika, akimbeba mtoto ndani ya kikapu cha chai. Alipanga foleni kama wengine. Zamu yake ikifika, aliweka kikapu kwenye ndoano ya mzani na kumwambia karani asome. Alisema kuna mtu anamwibia kilo za mtoto, kidogo kidogo. Karani wa mzani ndiye hatimaye aliyewapigia simu wahudumu wa afya ya jamii, nao wakamleta kwetu. Nilimpima mimi, nikapanga matibabu mimi, nikamfuatilia nyumbani kwa miezi minane. Alipona. Hiyo ndiyo habari niliyotaka ulimwengu uisome, kwamba muuguzi aliyefundishwa vizuri, mahali ambapo daktari wa akili hupita kwa nadra, anaweza kuibeba kazi hiyo mwanzo hadi mwisho.

"Umeficha jina, umeacha mzani," msimamizi wangu alisema siku ileile ya swali. "Kutoka Litein mpaka Bomet kuna mama wangapi waliopima mtoto na majani?"

"Mzani ndio makala yenyewe, Madam. Nikiutoa inabaki nini?"

"Hiyo umuulize yeye."

Sikwenda. Nilikuwa na kiburi, na nilidhani pia nina hoja. Ukimpa mgonjwa mamlaka juu ya maandishi, utachapisha nini zaidi ya sifa? Nilimwandikia barua pepe tatu ndefu. Alijibu moja, kwa maneno mawili: "Amecheka wapi?" Mwisho nikamwandikia mwenyekiti wa idara barua rasmi ya malalamiko, nikitaja siku msimamizi aliponiambia hatasaini, saa, na mashahidi wawili waliokuwa mlangoni. Mwenyekiti aliisoma akiwa amesimama.

"Huyo mama?" alisema. "Hata mimi alinisimamia." Akacheka, akampa karani aitie kwenye faili langu, na mambo yakaishia hapo.

Ilikuwa mwezi wa tano tangu siku ya swali lile, nilipochukua gari kwenda Litein na makala yangu niliyoitafsiri kwa Kiswahili, kwa kuwa Kikipsigis changu ni cha sokoni. Kutoka barabarani nilipanda mlima kwa bodaboda kati ya mashamba ya chai.

Mama yule alikuwa uani akipepeta maharagwe. Mtoto wa mzani alikuwa akitembea sasa, akimfukuza kuku kwa mwiko. Mumewe alikuwa Siongiroi kwa biashara ya ng'ombe. Mama mkwe wake, bibi mwenye sauti nzito ambaye watoto walimwita kogo, alinimiminia mursik, maziwa ya mgando, kutoka kwenye kibuyu akaketi nasi.

"Sista, umekuja kunipima?"

"Nimekuja kukusomea. Niliandika juu yako."

"Juu yangu? Mambo mazuri?"

"Utaniambia."

Nilisoma. Alisikiliza kama watu wanavyosikiliza matangazo ya vifo redioni, ametulia, anangoja kuona kama anayetajwa anamfahamu. Nilipofika kwenye mzani nilishusha sauti, na akanikemea.

"Soma kwa nguvu. Hiyo naijua."

Nikasoma kwa nguvu. Hakucheka. Nikasoma dalili, dawa, ziara zangu. Hakucheka. Kisha nikafika kwenye sentensi ambayo sikuwa nimeifikiria hata kidogo nilipoiandika, sentensi inayojiandika yenyewe katika makala za aina ile: mgonjwa aliishi katika familia iliyompa msaada wa kutosha.

Aliweka ungo chini. Alicheka mpaka akajifuta macho kwa leso.

"Rudia hapo, Sista."

Nikarudia. Akacheka tena. Kogo akauliza kwa Kikipsigis kuna nini, akaelezwa, akachukua kibuyu chake akaingia jikoni.

"Nani alikuambia hiyo?"

"Wewe. Tulikuuliza wodini, ukasema unasaidiwa vizuri."

"Na nani alikuwa amekaa kwa kitanda nikisema hivyo?"

Nilikumbuka. Kogo alikuwa ameketi miguuni pa kitanda siku zote tatu za mahojiano, na mimi niliandika kwenye fomu kwamba familia ipo karibu.

"Siku ya tisa baada ya kuzaa nilikuwa napikia wachumaji," alisema, sasa kwa sauti ya chini. "Watu wanane. Wakimaliza, mimi nakwangua sufuria. Hiyo maziwa ya mtoto itatoka wapi?"

Akaingia ndani, akarudi na Biblia, na kutoka katikati yake akatoa vikaratasi vya mzani, vile ambavyo mkulima hupewa akishapima majani yake. Yule karani, kijana wa huko juu, alikuwa akimwandikia uzito wa mtoto nyuma ya vikaratasi kila alipofika, ili aridhike aende nyumbani. Nilivipanga juu ya kigoda, kimoja baada ya kingine. Mzani wa majani si chombo cha kliniki, lakini namba zilikwenda upande mmoja tu. Mtoto alikuwa akipungua.

"Mlisema ni ugonjwa," mama alisema. "Kuibiwa ndiyo ilikuwa ugonjwa. Kupungua, hapana."

Nilikaa nimeshika vikaratasi. Miezi minane nilimtibu, na katika makala nzima nilikuwa nimeandika uzito wa mtoto kama sehemu ya njozi zake. Mtoto alinenepa baadaye kwa sababu mama alipewa chakula wodini, nami nikaliweka hilo chini ya matokeo ya dawa.

"Nikitoa habari ya mzani, watu hawatakujua," nilimwambia, kwa kuwa nilitumwa kuuliza.

"Utoe? Kijiji chote kilikuwa kimepanga foleni nyuma yangu. Unanificha kwa nani? Jina tu ndilo usiweke, mtoto ataenda shule. Mzani uwache. Na huyo kijana umwandike. Wengine wote walicheka, yeye aliandika."

Niliporudi kwa msimamizi wangu nilimweleza yote, na nilianza na mzani kwa sababu hapo ndipo yeye alikosea. Alifungua chupa, akajimiminia chai.

"Basi nilikosea," alisema. Kisha nikamweleza mahali pa kicheko. Aliuliza swali moja tu, mama mkwe alikuwa upande gani wa kitanda. Halafu akasema, "Iandike upya, uipeleke."

Hakuniuliza kama nitawahi orodha. Niliiandika upya yote. Jarida liliikubali, na mhakiki mmoja aliusifu ule uchambuzi wa vikaratasi vya mzani, lakini barua ya kukubaliwa ilifika orodha ikiwa imeshafungwa. Nafasi ya ukufunzi alipewa mtu mwingine. Kondoo wa mama yangu aliishi mwaka mmoja zaidi ya alivyopangiwa. Nilihitimu baadaye, katika mvua, bila hamu.

Najua ninachotarajiwa kusema. Makala ya pili ilikuwa ya kweli na ya kwanza haikuwa, hilo sikatai. Lakini angeweza kuniambia, "Umemhoji mbele ya mama mkwe." Maneno matano. Alilijua kosa, au alilishuku, naye akachagua kunitesa kwa kitendawili. Kuna walimu wanaoamini kwamba jambo lisilomuumiza mwanafunzi halikufundishwa, na sijawahi kuona utafiti wowote unaowaunga mkono.

Mara ya mwisho kumwona ilikuwa Londiani, ambako nilikuwa nikiendesha kliniki ya wagonjwa wa akili mara moja kwa mwezi. Alikuwa amestaafu, analima viazi. Nilimkuta kwenye duka la pembejeo amevaa gambuti, akisoma maandishi madogo kwenye kopo la dawa ya kunyunyizia, kuanzia nyuma.

"Madam."

Aliniangalia juu ya miwani. "Ah. Wewe wa mzani."

"Ndiyo mimi."

"Bado unaandika?"

"Naandika. Nina wanafunzi watatu wa kusimamia siku hizi."

"Pole yao."

Mwenye duka akacheka. Labda ni kicheko hicho kilichonifungua mdomo, kwa maana sikuwa nimepanga kusema.

"Ulininyima graduesheni, Madam. Na ile kazi ikaenda hivyo."

"Mimi?"

"Wewe. Miezi mitano hukusaini. Ulisema mbele ya watu kwamba hutasaini."

Alirudisha kopo kwenye rafu, polepole, lebo ikitazama mbele.

"Nilisema hivyo, ndiyo," alijibu. Kisha akamgeukia mwenye duka akamuuliza kama dawa hii ndiyo ileile ya msimu uliopita au wamebadilisha chupa tu. Nikaona mazungumzo yangu yamekwisha. Nje nilijiambia kwamba angalau amekiri.

Mwaka jana niliomba nafasi ya shahada ya uzamivu, na chuo kipya kikataka nakala za faili langu la zamani. Karani wa idara, yuleyule, alilitoa kwenye droo ya chini akalipangusa na kuniachia nilipitie mezani pake. Barua yangu ya malalamiko ilikuwa humo, na siku niliyoitaja nikiwa na hasira ilikuwa imeandikwa wazi mstari wa pili. Nyuma yake kulikuwa na fomu ya idhini ya kuchapisha, ambayo sikuwa nimewahi kuiona. Nilimuuliza karani kama mwanafunzi angeruhusiwa kupeleka makala kwa jarida mara tu fomu ilipofika ofisini. Akasema ndiyo, ilikuwa ni kuja tu kuuliza.

Ilikuwa na sahihi ya msimamizi wangu kwa wino mweusi, na muhuri wa kupokelewa ofisini uligongwa siku ileile aliponiambia hasaini.